Kabla Hujasema Nani Kasababisha

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kila nikisikia ugomvi humu ndani. Jana ulimfokea mdogo wako kwamba yeye ndiye aliyesababisha maziwa kumwagika, nami nikacheka peke yangu uani. Hebu kaa nikueleze.

Ilikuwa miaka ile ya ubinafsishaji. Kiwanda chetu cha chai kilipata wenyewe wapya, na meneja aliyeletwa hakujua Kiswahili hata cha salamu. Mimi nilikuwa msichana wa Mpuguso, Kiingereza nimefundishwa na Mwalimu Tusekile, mama mstaafu mwenye shamba lake la chai. Basi nikachukuliwa niwe mkalimani. Maringo niliyokuwa nayo, usiniulize.

Mwalimu alipotufundisha neno 'cause', alisema maana yake ni kusababisha, ila wenye lugha yao hulitumia zaidi kwa mabaya: ugonjwa, moto, hasara. Jema, mtu huwa kalileta tu. "Kwa hiyo ukimweka mtu mbele ya neno hilo," akasema, "umemtwika mzigo. Uwe na hakika ni wake." Nikaitikia, nikasahau.

Sasa siku hiyo lori la majani kutoka Kinyala likafika jioni badala ya mchana. Majani yalikuwa yamepata joto ndani ya magunia, mengi yamegeuka mekundu. Meneja akauliza nini kimesababisha. Wakulima, kwa uchungu wa jasho lao, wakamnyooshea kidole dereva, kijana aitwaye Ambakisye, wakasema bila shaka alipitia kilabuni. Kazi ya yule kijana ikawa mdomoni mwangu. Nikaanza: "Ambakisye caused..."

Mwalimu Tusekile alikuwa kwenye foleni na kapu lake. Akanishika mkono taratibu.

"Gwe mwana, wewe mtoto, umemuuliza mwenyewe?"

Niliona aibu, we acha tu. Nikamgeukia Ambakisye. Alinyoosha viganja vilivyochubuka, akaeleza. Mvua ilikuwa imekata barabara, naye ameshinda akibeba mawe na kuyatandika chini ya magurudumu. Lori lenyewe lilikuwa na tope mpaka madirishani, na sote tulikuwa hatujalitazama. Nikamwambia meneja kwamba iliyosababisha ni mvua. Huyu ndiye aliyeyaleta majani. Meneja akalizunguka lori, kisha akampa kijana mkono. Mkulima mmoja, kimyakimya, akampa ndizi.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Sikukatazi kumwambia aliyekosea kwamba kakosea. Nasema uliza kwanza, tena utazame na viganja vyake. Mdogo wako jana alikuwa anaepua sufuria maziwa yasifurike. Ulimuuliza?

Na yule dereva ndiye baba yako, huyo anayekoroma kitini. Ningeimalizia ile sentensi, wewe na mdogo wako msingekuwepo hata kumwaga hayo maziwa.

Haya, nenda kamwite mdogo wako. Mungu akujalie sikio linalotangulia ulimi, na nyumba yako isikose maziwa, wala watu wa kuyafuta pamoja yakimwagika.