Mwezi wa Kuaga

Aliyetumwa kuchukua vitu vya Chiriku alikuwa mjomba wake, mtu mzima na ndevu zake, lakini alisimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Alisema anataka kigodoro, kikombe na viatu vya mvua.

"Dada amesema mtoto haji tena."

"Haji leo?" aliuliza Bi Mbeleko.

"Haji tena, mama. Kabisa."

Bi Mbeleko alikuwa anamlisha uji mtoto mwingine. Yule mtoto alifungua kinywa akasubiri, akachoka, akakifunga. Ijumaa jioni mama Chiriku alisimama pale pale mlangoni, akacheka, akasema haya, tuonane Jumatatu. Alisema hivyo huku anajua. Hilo ndilo lililomkata maini Bi Mbeleko.

Kituo chake kilikuwa ni nyumba yake mwenyewe: sebule iliyotandikwa mikeka, chumba chenye vigodoro vilivyosimamishwa ukutani, na ua wenye bembea moja iliyogombaniwa kuliko urithi. Jina la Mbeleko walimpa majirani, maana kitambaa hakikumtoka mgongoni, na ndani yake hakukosekana mtoto wa mtu. Waliopita mgongoni hapo wengine sasa wananyoa ndevu. Kwa watoto aliongea kutwa nzima. Kwa wazazi maneno yake yalikuwa ya kubana kama chumvi ya duka la mkopo: amekula, amelala, amejikwaa kidogo, kwaheri.

Kanuni yake ilikuwa moja tu, na aliisema siku ya kwanza kabla hajampokea mtoto. Ukitaka kumtoa, niambie mwezi mzima kabla. Watu walidhani ni habari ya ada, naye hakujisumbua kuwasahihisha.

Ule mwezi ulikuwa wa kazi. Akishaambiwa mtoto anaondoka, alianza kwa kuacha kumbeba. Kisha usingizi wa mchana ukahamia kwa dada msaidizi, kisha uji, kisha hata kufutwa machozi. Alimbandua mtoto polepole, kama unavyobandua bandeji kwenye kidonda kibichi, mpaka siku ya mwisho anaondoka anapunga mkono na kudai biskuti. Aliyelia alikuwa Bi Mbeleko mwenyewe, jikoni, bomba likiwa limefunguliwa ili asisikike. Katika maisha yake yote hilo ndilo jambo aliloliona kuwa ujuzi, na alijivunia kimoyomoyo.

Sasa Chiriku amechomolewa mzima mzima. Mtoto aliyepewa jina hilo kwa kuropoka tangu asubuhi, na ambaye hakuwahi kulala mchana mahali pengine ila mgongoni mwake.

"Atalala wapi?" alisema kwa sauti.

Mzazi wa mwisho alipochukua mtoto wake, Bi Mbeleko alijifunga kitambaa kichwani akaenda saluni anakosukia mama Chiriku. Njiani alipanga maneno makali, na ninawaambia, mtu mkimya akipanga maneno, jihadhari.

Alipoingia, aliyasahau yote aliyoyapanga. Chiriku alikuwa pembeni, juu ya mifuko ya nywele za bandia, amelala kwa kukaa, macho yamevimba, kwikwi zinamshika hata usingizini. Mama yake alikuwa amemshika mteja kichwa. Mteja huyo Bi Mbeleko alimfahamu: mama wa mapacha waliowahi kulelewa kwake.

"Shikamoo, mama," alisema mama Chiriku, na vidole vikasimama katikati ya msuko.

"Marahaba. Amefanya nini mtoto?"

"Nimempeleka kituo kipya, hapa karibu. Wamenipigia nimfuate. Amelia mpaka akatapika."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Watoto huondoka, sijamfunga mtu kamba. Lakini Ijumaa umenichekea usoni."

Aliyejibu ni mteja, shingo imeinama, nusu ya nywele imesimama.

"Mwambie tu ukweli. Si wote tunajua?"

"Mnajua nini?"

"Kwamba kwako mtu akishasema anaondoka, mtoto wake anakiona cha mtema kuni. Mimi wangu nilikuambia mapema, kama ulivyotaka. Siku moja nikawahi kuwafuata, nikachungulia dirishani. Kulwa anakunyooshea mikono, wewe unageuza uso. Nilirudi nyumbani nikalia. Nikasema, kumbe huyu mama upendo wake unaisha na ada. Tangu hapo kila mwenye mtoto kwako nimemwonya: mtoe kimya kimya."

Bi Mbeleko akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu, ambacho kilikuwa cha kukaushia nywele, na ile kofia kubwa ikabaki juu ya kichwa chake. Siku nyingine wangecheka. Yeye aliwaza watoto waliotoweka kwake ghafla miaka hii ya karibuni, mmoja baada ya mwingine. Aliwalaumu wazazi wa siku hizi, akasema hawana shukrani. Kumbe kila mmoja wao alinyofolewa hivi hivi, akalia hivi hivi kwa watu asiowajua, kwa sababu yake.

"Nilikuwa nawazoesha," alisema hatimaye. "Wakae bila mimi. Wasije wakanililia huko waendako."

Mteja aliinua kichwa, chanuo limening'inia.

"Wangu hawakulia," alisema taratibu. "Walipoanza kule kwingine, hata siku moja. Nikajua ni kwa sababu hawakukupenda." Akamgeukia. "Mama, mbona hukusema?"

"Nilidhani mnaona."

"Tuliona. Ndicho tulichokiona hicho."

Miaka yote Bi Mbeleko amewadai wazazi taarifa, na yeye hakuwahi kumpa hata mmoja ya kwake. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mama Chiriku alijifuta macho kwa kiwiko, mikono ikiwa na mafuta. "Nitamrudisha kesho. Akae huo mwezi."

"Utaona namgeuzia uso," alisema Bi Mbeleko. "Ukinichungulia utaniona sina huruma. Nakuambia kabla."

"Nimesikia, mama."

Ndipo Chiriku akaamka. Alimwona Bi Mbeleko chini ya ile kofia, akashuka kwenye mifuko, akaja akasimama mbele ya magoti yake. Hakunyoosha mikono. Mtoto wa kuropoka kutwa, alikaa kimya akimkagua, kana kwamba anahakikisha ni yeye.

"Ulienda wapi?" aliuliza.

Wanawake watatu walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake ajibu. Katika watu wote waliofichwa habari hii, huyu hakuna hata aliyemkumbuka.