Wiski Ndani ya Vibuyu vya Wanzuki

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo babu yako nusura abadilishe mizinga yote ya baba yake kwa maboksi ya wiski. Ukicheka sikukatazi. Lakini sikusimulii ili ucheke. Nawaona vijana wa siku hizi mnavyochukua vitu kwa sifa zake, na njia hiyo naijua. Sisi tuliifuata mpaka mlangoni, tukarudishwa kwa ukali.

Zilikuwa zile zama za ruksa. Kabla yake tulipanga foleni kwa kipande cha sabuni, na mwenye sukari alikuwa haisemi kwa sauti. Halafu tukasikia biashara imefunguliwa, na kweli ikafunguka. Kila treni iliyosimama Itigi ilishusha kitu ambacho hatujakiona: mitumba, redio, sahani zenye maua. Na chupa. Pombe za Ulaya tulizokuwa tunazisikia kwa waliotumikia wazungu, sasa zimepangwa dukani, na kila mwenye macho anaruhusiwa kuzitazama.

Sisi tulikaa Mitundu. Babu yako Elia alikuwa kijana wa nguvu, na marehemu baba yake alimwachia mizinga iliyotundikwa msituni, mingine mbali hata inabidi ulale njiani. Mizinga hiyo ndiyo iliyolipa mahari yangu na ndiyo iliyotulisha. Lakini kurina asali ni kazi ya moshi na kuumwa, naye alikwisha kuwaona wenzake waliofungua grosari za pombe pale stesheni, wamevaa mashati meupe. Na mimi, nikiwa mke mgeni bado, nilikuwa nimekwisha kuchagua pazia la mlango wa grosari yetu. Kwa macho tu, lakini nilikuwa nimelichagua.

Itigi palikuwa na mfanyabiashara mmoja, Fidelisi, mtu wa maneno laini. Yeye alikwisha kunusa kwamba asali itatafutwa. Akamwambia Elia, "Nipe mizinga yote, nami nikupe maboksi ya wiski ya Ayalandi. Utauza mwenyewe, utaitwa bosi." Elia akasita. Fidelisi akampa chupa tatu zilizofunguliwa. "Kaonje na wazee wako. Mtakayoipenda ndiyo nitakayokupakilia."

Elia alirudi anakariri habari za chupa zile kama mtoto wa katekisimu. Zote za nchi moja, na wenyewe hupika pombe yao mara tatu ndipo wakaridhika. Ya kwanza ilikuwa changa, nafaka za kuchanganya, imekaa miaka michache tu ndani ya pipa la mti. Ya pili ilikuwa shayiri tupu, nyingine kimea, nyingine haikuoteshwa, ikapikwa kwenye chungu kikubwa cha shaba. Ya tatu ililala ndani ya pipa miaka zaidi ya kumi.

"Hii ilipoingia kwenye pipa," akaniambia, "wewe ulikuwa bado unachunga mbuzi wa baba yako."

"Na wewe ulikuwa unatoka kamasi," nikamjibu.

Basi Jumapili, baada ya ibada, akawaita baba yake mdogo Yakobo na jirani yetu Mzee Petro, mtu wa mzaha. Kwetu mgeni wa heshima hapewi kikombe, hupewa kibuyu. Nikavishusha vibuyu vya mama mkwe, vile vya kunywea wanzuki, pombe yetu ya asali, nikavisuuza kwa maji, nikawapa. Nilijiona mwenyeji kweli.

Wakaonja ile changa. Baba mdogo Yakobo akafumba macho. "Mh! Imeshuka yenyewe. Ina utamu fulani."

"Hii," akasema Mzee Petro, "hata mchungaji ukimpa akiwa na kikohozi hataomba maji."

Wakaonja ya shayiri. Nayo tamu. Wakaonja ile ya siku nyingi. Tamu vilevile.

"Sasa miaka kumi yote ile walikuwa wanangoja nini?" akauliza Mzee Petro, na ukumbi ukavunjika kwa kicheko.

Elia akapiga goti lake kwa furaha. "Basi nachukua changa. Ni rahisi, kwa mizinga ileile atanipa maboksi mengi zaidi. Kesho nakwenda kumwonyesha miti yote ilipo."

Mama mkwe wangu alikuwa kizingitini anamenya karanga. Mama yule hakupenda kurudia neno. Akaweka ungo chini, akaingia, akachukua kibuyu kilichokuwa mbele ya Elia, akakinusa.

"Nani kawapa vibuyu vyangu?"

"Mimi, mama," nikasema.

"Lete vikombe vya bati. Vioshe kwa maji ya moto, uvikaushe. Hivi unavyoosha wewe ni kuvipitisha tu mtoni."

Nikaosha huku masikio yananiwaka moto. Akamimina mwenyewe, kidogokidogo, chupa zote tatu. "Mtaonja kama mnavyoonja wanzuki kabla haijapelekwa kwa wakwe. Nuseni kwanza. Kisha kidogo mdomoni, msimeze kama mnakimbizwa. Maji katikati."

Wazee watu wazima wakatii.

Ile changa, mwanangu, ilikuwa nyepesi, ikaunguza kidogo kooni, halafu haipo. Baba mdogo Yakobo akatazama ndani ya kikombe kama kuna kitu kimemponyoka. Ya shayiri ilikuwa na ukali mtamu wa pilipili manga, na nyuma yake harufu ya nafaka mbichi ukiitafuna shambani. Ile ya siku nyingi iliingia polepole, harufu ya ubao mkavu na tunda lililokauka juani, ikakaa kinywani muda mrefu kuliko mazungumzo yetu. Tatu zile hazikufanana hata kidogo.

Mama mkwe naye akaonja hiyo ya mwisho. Akaweka kikombe chini. "Hawa watu nawaheshimu," akasema. "Mtu anapika kitu, anakiacha miaka yote hiyo, mkono wake haukigusi. Hii ni kazi ya mtu mzima."

Kisha akamgeukia mwanawe.

"Ile changa uliyoisifu kwenye kibuyu, utamu wake uko wapi sasa?"

Elia akainua kikombe chake, akakinusa tena.

"Mzee Petro, wewe una mdomo. Ulisifu nini?"

Mzee Petro akakuna kidevu. "Asali, mama Elia."

"Ya nani?"

"Yenu."

"Mama," Elia akasema, "umenivunja mbele ya watu."

"Wamekuona unapotea, waache wakuone unarudi. Mizinga ni yako, baba yako alikuachia wewe, sikunyang'anyi. Kesho nenda kaitoe ukitaka. Ila ujue unachokwenda kutoa ndicho ulichokisifu hapa. Watu watanunua hiyo changa, watainywa kwenye glasi, watauliza utamu mliousema uko wapi. Na wewe hutakuwa nao tena."

Akarudi kwenye karanga zake.

Asubuhi Elia alikwenda Itigi na debe la asali kulipa zile chupa. Nami nilikaa nyumbani sijui atarudi na nini. Jioni akarudi mikono mitupu, akaniambia Fidelisi amemwita mshamba.

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia mshamba mwenye mizinga."

Mizinga ile baba zako walirithi, na mingine mpaka leo iko kwenye miti ileile. Chupa ya ile wiski ya siku nyingi ninayo, ninawekea asali. Grosari hatukufungua. Pazia nililinunua baadaye, nikaliweka chumbani kwangu, likanipendeza vilevile.

Mwanangu, sikukatazi vitu vya watu. Kuna vizuri, na nimekwambia mama mkwe alivyovipa heshima yake. Ninalokwambia ni hili: usihukumu kitu kikiwa kwenye chombo chako kilichokwisha kulowa ladha yako. Kazi, mji, mchumba, rafiki, mtoe kwanza kwenye shauku yako, mweke kwenye kikombe kisafi, uonje taratibu, unywe maji, uonje tena. Vionje vyote kabla hujachagua kimoja. Na ukijikuta unasifu sana kitu cha mgeni, jiulize kama huo utamu hukuja nao wewe kutoka nyumbani. Kama ulikuja nao, usiutoe kununulia kitu ambacho bila wewe hakina ladha. Na mkubwa akikwambia osha vikombe, osha. Masikio yatawaka, yatapoa.

Mungu akupe ulimi usiodanganyika na mkono unaojua kungoja. Mizinga yako ijae, na siku utakapomkaribisha mgeni, anywe asali yako akijua kuwa ni yako.