Mikono ya Kiti cha Mke Mwenzangu

Maumivu yalianzia kwenye bega la kulia, yakashuka hadi kiwiko, na upepo wa vumbi ulipoingia mjini nilikuwa siwezi tena kufunga kitambaa kichwani bila kuuma meno. Kwanza nilidhani ni baridi ya asubuhi. Halafu nikadhani ni umri. Sikutaka kufikiria kwamba ni kazi, maana kazi ndiyo peke yake iliyokuwa imebaki kuniamsha katika ule ua.

Mimi hutengeneza shanga za kioo. Nimefunga tochi ya gesi mezani, na katika moto wake nayeyusha kijiti cha kioo na kukiviringisha juu ya waya mwembamba uliopakwa udongo, ili ushanga ukipoa uteleze utoke. Mkono wa kushoto unazungusha waya, wa kulia unashika kioo. Hakuna kusimama. Kioo kilichoyeyuka ni kama asali, ukiacha kukizungusha kidogo tu kinalalia upande mmoja, na ushanga unatoka na kitambi. Kwa hiyo mikono yote miwili inabaki imeinuliwa mbele ya kifua, haijaegemea popote, tangu jua linapopanda hadi unaposikia adhana.

Kazi hiyo sikuianza peke yangu. Niliianza na mke mwenzangu.

Yeye alikuwa mke mkubwa, mtu wa upande wa Biliqo, mrefu, mwenye maneno machache. Mimi nililetwa kutoka Ngaremara baadaye, nikiwa mdogo kwake kwa miaka mingi. Mume wetu alikuwa dereva wa lori la mifugo, na muda mwingi alikuwa barabarani. Tulikuwa na ua mmoja na majiko mawili. Sisemi tuligombana. Tulisalimiana asubuhi, salaam aleikum, aleikum salaam, kila mmoja akaenda kwa sufuria yake, na hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yetu.

Mume alipofariki tulikaa eda pamoja. Hapo ndipo nilipomjua. Wageni walipokwisha kuja, tulibaki wawili ndani ya chumba kimoja, na siku moja akaniuliza kama nina njaa, kana kwamba mimi ni mtoto wake. Toka siku hiyo tulipika kwenye jiko moja. Mimi sikujaliwa kupata mtoto. Yeye alikuwa na binti mmoja tu, ameolewa Garissa. Nilianza kumwita dada na yeye akaniita mdogo wangu, na watu wa mtaani wakashangaa kidogo kisha wakazoea.

Baadaye akaja mama mmoja kutoka Nairobi kufundisha kikundi cha wanawake kutengeneza shanga kwa moto. Wengi waliogopa gesi wakaacha. Sisi tulibaki. Tuliweka meza ndefu chini ya mabati nyuma ya nyumba, tochi mbili, tukakaa tukitazamana. Mimi nilikalia stuli. Yeye alikalia kiti chake cha mvule, ambacho mume wetu alimletea kwa lori binti yao alipozaliwa, kiti kizito chenye mikono mipana. Tulifanya kazi hivyo kwa miaka. Akichoka yeye, tunazima moto wote wawili tunakunywa chai. Nikichoka mimi, yeye ndiye huona kabla yangu, anasema tu, "Zima."

Halafu macho yake yakaanza kufifia, na sukari ikampanda. Binti yake akaja na gari na kumchukua, akisema ni kwa matibabu, atakaa mpaka apate nafuu. Tulimfungia nguo chache tu. Nyingine zilibaki kwenye sanduku, na kiti kikabaki mezani pale pale.

Nilifanya kazi peke yangu tangu siku ile. Na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kusema zima, sikuzima. Chai ya mtu mmoja ni usumbufu kuipika. Nilikuwa nawasha tochi asubuhi na kuinua kichwa nikisikia adhana ya alasiri, mdomo umekauka, shingo imekuwa mti. Nilijiambia kwamba nina bidii. Kwa kweli nilikuwa naogopa kuzima, kwa sababu tochi ikizimwa, ule mvumo wake ukikatika, ua unakuwa kimya sana. Unasikia mbuzi wa jirani akitafuna karatasi.

Mkono ulipokataa kabisa nilikwenda hospitali. Daktari wa viungo, kijana mpole, alinifanya nikae na kumwonyesha jinsi ninavyofanya kazi, bila moto, nikishika kalamu mbili badala ya waya na kioo. Alinitazama kutoka ubavuni akaguna. Akaniambia kwamba mabega yangu yanabeba mikono mchana kutwa, na kwamba mkono usipowekewa mahali pa kulala utaharibika, dawa au bila dawa. Akataka nitafute kitu cha kuegemeza mikono kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo, viganja vibaki huru. Kisha akauliza kama nyumbani kuna mtu wa kunisaidia kupima urefu nikiwa nimekaa.

Nikamwambia yupo. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nilianza na mito. Iliteleza, na nilikuwa na hofu ya kuweka pamba karibu na moto. Nikajaza mchanga kwenye mikebe ya maziwa ya unga, nikaweka mmoja huku na mmoja huku. Mikebe ilitulia lakini ilikuwa midogo, mkono ukisogea unaanguka pembeni. Nikanunua vipande vya mbao nikavipanga juu ya matofali. Siku ya kwanza niliona nimepata. Siku ya pili ukingo wa mbao ulikuwa umenikata nyama chini ya kiwiko, vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi, na waya ukanidondoka ukiwa na ushanga mwekundu unaowaka. Ulitoboa kanga yangu na kuzimikia kwenye vumbi. Niliuokota kwa koleo ulipopoa. Ulikuwa umepasuka katikati.

Nilijaribu pia kukalia kiti cha mke mwenzangu. Nilifanya hivyo asubuhi moja haraka haraka, kama mtu anayeiba. Lakini yeye alikuwa mrefu, na mimi ni mfupi. Nikikaa humo meza inanifika kifuani, moto unanipiga usoni, na ile mikono ya kiti iko mbali, kila mmoja upande wake, siwezi kuegemea yote miwili bila kujitanua kama kuku anayeota jua. Nikatoka, nikakirudisha kilipokuwa.

Nilikuwa nampigia simu siku za Ijumaa baada ya swala. Kwa kawaida tuliulizana afya, mvua, bei ya maziwa ya ngamia. Sikuwa nimemwambia habari ya mkono. Ijumaa ile binti yake ndiye aliyeweka simu ya picha, akaielekeza usoni kwa mama yake. Alikuwa amekonda. Alikuwa akitazama pembeni kidogo ya simu, na hapo nikafahamu kwamba hanioni.

Aliniuliza mbona sauti yangu imechoka. Nikamweleza mkono, nikamweleza mito na mikebe na mbao. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akacheka kidogo, akasema yeye hakuwahi kuumwa bega hata siku moja, na sasa ndio ametambua sababu: alikuwa ameegemea kiti muda wote, nami nilikuwa nimekaa juu ya stuli kama ndege. Akaniuliza kwa nini nisikitumie. Nikamwambia hakinitoshi, mikono yake iko mbali.

Nilisikia watoto wa binti yake wakikimbia nyuma yake.

"Basi kikate," alisema. "Toa ile mikono. Iweke pale inapokutosha."

Nikamwambia hapana, dada, kiti hicho ni chako, alikununulia mume wetu.

"Najua alimnunulia nani."

"Na ukirudi utakalia nini?"

Binti yake alikuwa ameshika simu, na nadhani naye hakujua atazame wapi, maana picha iliyumba, ikaonyesha ukuta, ikarudi.

"Mdogo wangu," akasema, taratibu, "kikate."

Tulizungumza mengine baada ya hapo, sikumbuki ni nini. Simu ilipokatika nilibaki nimeishika. Nilikuwa na macho, nilikuwa na masikio, nilimwona binti yake alivyomchukua. Lakini kila wiki nilikuwa nikipangusa vumbi juu ya kile kiti kwa kitambaa kibichi, na mtu hapangusi kiti cha mtu asiyerudi. Siku ile sikupika. Nililala mapema na mkono wangu juu ya mto.

Sikukikata upesi. Nilipitisha juma moja, na juma jingine. Mkono ndio ulioniamulia. Mwanamke mmoja alikuja kuagiza shanga za bluu za harusi ya binti yake, nami nikashindwa kuinua birika nimkaribishe chai, akaimimina mwenyewe ndani ya nyumba yangu. Kesho yake nikamwita mwenye mkokoteni.

Fundi seremala yuko upande wa soko la mifugo. Alikigeuza kile kiti, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akaniuliza kama nina hakika. Alisema mvule wa namna hiyo hauingii siku hizi, na akinitengenezea viegemeo vipya vya mbao nyingine nitabaki na kiti kizima. Nikamwambia nimeshajaribu mbao, zina makali. Mikono ya kiti hiki imelainishwa na mikono ya mtu kwa miaka, hakuna randa inayoweza kufanya hivyo. Akauliza mwenyewe yuko wapi.

"Yuko Garissa. Amesema kikatwe."

Hakuuliza tena. Ila alitaka vipimo: kutoka ardhini mpaka chini ya kiwiko nikiwa nimekaa kazini, mabega yameshuka, na nafasi kati ya mkono na mkono. Akaniambia nimwambie mtu anipime nyumbani, kwa sababu ukijipima mwenyewe unainama, na ukiinama kipimo kinakuwa cha uongo.

Nilirudi nyumbani nikifikiria nimwite nani. Jirani wa kushoto alikuwa amehama. Wa kulia ni wanaume watupu, madereva. Ningeweza kumwita yule mama wa shanga za bluu, lakini tayari alikuwa amejimiminia chai yake mwenyewe kwangu. Mwishowe nilichukua masizi chini ya sufuria, nikajipaka kwenye viwiko vyote viwili. Nikasimamisha maboksi mawili yaliyokunjuliwa, moja kila upande wa stuli, nimeyaegemeza kwenye matofali. Nikakaa. Nikashika waya na kioo bila kuwasha moto, nikafumba macho, nikashusha mabega. Nilingoja hadi nikasahau ninachofanya. Halafu nikasukuma viwiko nje, polepole, vikagusa.

Viliacha alama mbili nyeusi, moja juu kidogo ya nyingine. Bega la kulia lilikuwa bado linapanda lenyewe. Nilizitazama zile alama. Mtu angepita langoni akanikuta, mwanamke mtu mzima, viwiko vyeusi, amekaa kati ya maboksi, angesema nimepatwa na jambo. Lakini hakuna aliyepita. Nilinawa kwa sabuni na majivu, nikampelekea fundi yale maboksi.

Alifanya kazi nzuri. Alikata mikono ya kiti pale inapoungana na mgongo, akaiwekea miguu inayoweza kupanda na kushuka kwa parafujo, akaifunga kwenye ukingo wa meza, ikaja mbele kuelekea motoni bila kuufikia. Upande wa kulia aliushusha kidogo kuliko wa kushoto, ili bega lijifunze. Juu yake nikaweka ngozi ya kondoo iliyonyolewa, kwa sababu ngozi haishiki moto kama kitambaa. Mabaki ya kiti aliniuliza afanye nini nayo. Nikasema nirudishie. Yako chumbani kwake, mgongo na kikalio, yamefunikwa shuka.

Siku niliyowasha tochi kwa mara ya kwanza nikiwa na vile viegemeo, sikujua la kufanya na mabega yangu. Yalikuwa hayana kazi. Mikono ililala juu ya mvule, viganja peke yake vikawa vinatembea, na waya ukazunguka bila kutetemeka. Ushanga ulijikusanya wenyewe katikati. Nililia, lakini nyuma ya miwani ya kukinga macho na moto hakuna anayeona, na huwezi kuacha kuzungusha eti unapangusa machozi. Niliumaliza, nikauzika kwenye jivu la moto upoe polepole, nikaanza mwingine.

Mkono ulipona kwa kiasi. Siku za baridi bado unanikumbusha. Shanga za bluu ziliisha kwa wakati, na bibi harusi akazivaa. Nilimpigia simu mke mwenzangu Ijumaa iliyofuata kumwambia kwamba nimekikata. Binti yake alisema amelala, dawa zinamlaza sana siku hizi. Nikasema basi usimwamshe. Nikamwomba aweke simu karibu na mto wake kidogo kabla ya kukata, akaiweka. Nilimsikia akipumua, pumzi ndefu, na mimi nikakaa mezani nikimsikiliza, tochi imezimwa, mpaka salio likaisha.