Mtungi wa Waisin

Pua ya Au Lai-fong inaogopwa hapa sokoni Xinhui kuliko polisi. Yeye anauza maganda ya machenza yaliyokaushwa, mimi nauza tangawizi meza iliyo jirani na yake, na kwa miaka yote tuliyokaa ubavu kwa ubavu nimemwona akiwatimua walaghai kwa pua hiyo hiyo. Mtu anakuja na gunia, anaapa maganda yake ni ya zamani, tazama yalivyo meusi. Fong anachukua moja, analivunja, anavuta hewa kidogo.

“Umeyalowesha kwenye chai.”

“Mama, naapa...”

“Usiape, utakosa mchumba. Chai nzito, na umeyaanika juzi. Niondolee uchafu wako hapa.”

Ganda la chenza ni dawa ya tumbo, na dawa hiyo haitaki haraka. La mwaka huu ni ganda tu. Likikaa mtungini miaka na miaka, likitolewa juani kila vuli, ambayo kwetu ni kavu, na kurudishwa, linakuwa jeusi, ukali unapungua, na kikombe kimoja cha maji yake kinashusha chakula kilichogoma kifuani. Mimi husema tangawizi inafanya kazi hiyo hiyo bila kungoja mtu azeeke. Fong husema tangawizi ni dawa ya watu wasio na subira. Tumebishana hivyo tangu tukiwa wasichana.

Binti yake, Waisin, alipozaliwa, Fong alifanya kama wanavyofanya akina mama wa hapa. Alichagua machenza bora ya msimu ule, akayamenya mwenyewe kwa mipasuo mitatu, ganda lifunguke kama ua bila kuachana kitakoni. Akayakausha, akajaza mtungi wa udongo mpaka shingoni. Mtungi huo ndio Waisin angetoka nao kwao siku ya harusi, umri wake na umri wa maganda ukiwa mmoja, ili wakwe wajue huyu ametoka kwa mama aliyemtunza. Vitu vingine vya harusi vinanunuliwa dukani. Hicho hakinunuliwi.

Kazi ya kuuanika ilimwangukia mumewe, Tam Gwok-hei, kwa sababu vuli ndipo machenza mapya yanapoingia sokoni na Fong hana hata nafasi ya kujikuna. Hei ni fundi baiskeli, mtu mpole kupita kiasi.

“Huu ni wa Waisin,” Fong alimwambia mbele yangu. “Likipungua ganda moja utalala sokoni na panya.”

Hei akaitikia. Hei huitikia kila kitu.

Basi mwaka juzi Waisin akapata mchumba, kijana wa kina Fok wa mji wa jirani, na siku ikafika ya upande wa bwana harusi kuleta zawadi. Walikuja na mabiskuti, nazi, uduvi mkavu na fataki za kutosha kuamsha mtaa mzima. Baba wa kijana, Bwana Fok, alikuwa mnene wa uso wa kucheka. Dada yake mkubwa, Bi Fok, alikuwa mwembamba na maneno yake manene. Fong alikuwa amepika bata bukini, nyama ya nguruwe na magimbi, na wali wa kunata. Nilikaa karibu na Bwana Fok na niliona kwa macho yangu. Yule mzee hakula, alihamisha.

Kabla chai haijamiminwa mara ya pili, kicheko kilimwisha. Akajilegeza kitini, jasho likamtoka, mkono juu ya tumbo lililokaza kama ngoma.

“Nimevimbiwa,” alisema kwa sauti ya kujuta. “Chakula kimesimama hapa, hakipandi hakishuki.”

Fong alikwisha kuinuka kwenda kwenye kopo la jikoni. “Usijali mkwe, nina maganda mazuri ya biashara...”

“Ya biashara hata kwetu yapo,” akadakia Bi Fok. “Tumesikia hapa kuna mtungi wenye umri wa bibi harusi. Au zilikuwa stori tu za sokoni?”

Nilimwona Fong akisimama wima. Hei naye kikombe kikamponyoka.

“Mama Waisin,” akasema haraka, “mtungi haufunguliwi kabla ya siku yake. Utaleta mkosi.”

“Tangu lini unaogopa mikosi? Wewe uliyenioa tarehe nne mwezi wa nne, namba ya kifo mara mbili?”

Watu wakacheka. Hei hakucheka. Fong akaingia chumbani, akautoa mtungi chini ya kitanda, akauweka katikati ya meza na kuchana karatasi nyekundu iliyofunga mdomo wake. Alikuwa na fahari usoni ambayo sijamwona nayo hata siku ya harusi yake mwenyewe. Akachukua ganda la juu, jeusi, zuri. Akalivunja. Akanusa.

Uso ule naufahamu. Nimeuona mara nyingi ukiwaangukia wachuuzi.

“Chai,” alisema.

Bi Fok akanyoosha shingo. “Chai gani?”

Fong akaliweka mezani. Akachukua ganda la pili. “Chai.” La tatu. “Chai.” Nilimwonea huruma. Mwanamke aliyewaaibisha walaghai wote wa soko letu, na ulaghai wenyewe ulikuwa umelala chini ya kitanda chake, mbele ya wakwe, siku ya zawadi za mwanawe. Akamgeukia mumewe.

“Hei. Umemuuzia nani?”

“Sijauza.”

“Umempa nani?”

Hei akamtazama Waisin, kisha akatazama sakafu. “Alikuwa analia,” alisema.

“Nani?”

“Huyu. Alikuwa mdogo, amekula mapera mabichi, wewe uko sokoni. Nikampa maji ya maganda ya jikoni, akayatema. Nikasema basi, ngoja nimpe ya kwake. Akanywa. Akalala.”

“Hilo ni ganda moja, Hei! Huu ni mtungi!”

“Tumbo lilimuuma zaidi ya mara moja, Mama Waisin. Halafu ikaja mitihani. Unakumbuka mitihani ilivyokuwa inamfanyia tumboni.”

“Uliniambia unampikia uji!”

“Uji ulikuwa na ganda.”

Waisin akajifunika uso. “Baba! Ule uji mtamu?”

“Na chai?” Fong akauliza, sauti imepanda. “Ufundi wa chai umefundishwa na nani?”

Hei akakuna shingo. “Na wewe. Ulikuwa unarudi kila jioni unanieleza jinsi wanavyofanya.”

Kwanza ilisikika sauti nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Ilikuwa ya Bwana Fok. Alikuwa ameshika tumbo, anacheka huku anaugua, anaomba tumwonee huruma, anacheka tena. Mwisho akapiga mbweu iliyotikisa vikombe mezani. Hata dada yake alicheka, ingawa alijidai anakohoa.

Fong peke yake hakucheka. Aliingiza mkono mtungini mpaka begani, akapapasa chini kabisa, akatoa ganda jembamba, jeusi, kavu kama jani. Hakuhitaji kulinusa, maana harufu ilitufikia sote. Ya kweli yalikuwa yamebaki machache, konzi moja hivi.

“Nipe tangawizi,” akaniambia.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo maisha yangu yote, na mfukoni sikosi kipande. Nikampa. Akachemsha ganda moja la Waisin na vipande vyangu vitatu, Bwana Fok akanywa taratibu, na baada ya muda akauliza kama wali wa kunata umebaki.

Bi Fok aliona mtungi ujazwe upya. Maganda ya umri ule yanapatikana, alisema, na nani angejua? Fong akamwambia, “Ningejua mimi.” Yale ya chai aliyatia jikoni motoni yote, na moshi wake ulinuka siku nzima. Konzi ya kweli akairudisha mtungini, akaufunga kwa karatasi mpya nyekundu.

Siku ya harusi mama hamfuati binti, kwa hiyo mtungi niliubeba mimi. Ulikuwa mwepesi, maganda yanachakacha ndani kila nikipiga hatua, na nilijua Fong amesimama mlangoni anasikia mchakacho huo mpaka tulipokata kona. Mlangoni kwa kina Fok jirani mmoja aliupokea, akautikisa, akakunja uso.

“Huu mbona karibu mtupu? Maganda mengine yako wapi?”

Bwana Fok akauchukua mtungi kutoka mikononi mwake, akaukumbatia, na kumwonyesha Waisin, aliyekuwa anavuka kizingiti chini ya mwavuli mwekundu.

“Mengine yale pale, yanatembea,” alisema. “Mpishe.”

Nilirudi mbio kumwambia Fong. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akalia, kisha akanisukuma eti nimemkanyaga.

Vuli hii amejaza mtungi mwingine, wa mjukuu ambaye hata mimba yake bado haijatungwa, na amemkabidhi Hei auanike. Nikamuuliza kama amerukwa na akili, kumrudishia mwizi yule yule.

“Sasa nimpe nani mwingine?” alisema, akaendelea kumenya.