Mfungo wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alianza kwa kufunga na kanisa. Kila Januari kanisa letu pale mtaa wa Umoja hufunga na kuomba, na mwaka ule, wengine walipofungua na kurudia chapati zao, yeye aliendelea. Akina mama wa ushirika wakamsifu. "Huyu msichana ana moto!" Mama akavimba kichwa. Mimi nilikereka tu, maana mpishi wa nyumba nilikuwa mimi, na sahani yake ilirudi jikoni jinsi ilivyotoka.

Akakonda. Mtaani ukikonda vile watu hawakuulizi, wanajiamulia wenyewe ugonjwa wako. Siku moja akaanguka kwenye ngazi akiwa na mtungi wa maji, tukamkimbiza kliniki. Vipimo vyote vikatoka safi. Mama akashangilia, lakini daktari hakushangilia. Akatupeleka kwa mshauri, mama mmoja mpole, naye akatuambia kuna ugonjwa wa kuogopa kula, na kwamba unaua.

"Si huo ni wa wazungu?" Mama akauliza.

"Ni wa huyu hapa, mama."

Haki nilitaka kumkumbatia yule mshauri. Kisha akauliza, kwa heshima kabisa, kwetu mfungo hufunguliwa na nani. Tukasema pasta. Akasema basi tumwombe pasta aufungue, huenda ikasaidia, ila kliniki tusiache kuja.

Pasta, Mungu ambariki, hakubisha. Jumapili akamwita mbele, akamwekea mkono kichwani, akatangaza: "Binti yangu, mfungo umeisha. Mungu amepokea. Nenda nyumbani ukale." Vigelegele! Mama alilia hadi kitambaa kikalowa. Mimi nilitoka mbio kabla ya sadaka kwenda kupasha muthokoi, mahindi na maharagwe anayoyapenda tangu utotoni.

Nikamwekea sahani. Akaitazama mpaka mvuke ukaisha.

"Siz," akaniambia polepole, "pasta amefungua wake. Huu wangu si yeye aliyeuita."

"Ni nani basi?"

Aliinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nyumba ilikuwa kimya. Niliogopa, jamani, nilimwogopa mdogo wangu mwenyewe.

Tukarudi kwa mshauri wiki baada ya wiki. Alitufundisha kukaa na mdogo wangu anapokula na kubaki naye akimaliza, tusimbembeleze, tusitaje mwili wake, tupige tu stori. Wee, mimi na hasira zangu! Kuna siku nilitamani kuirusha ile sahani dirishani, na huku mdomo unasimulia mambo ya mpira. Akala kijiko. Siku nyingine hakula hata hicho. Ilichukua muda mrefu, na katikati alilazwa, na sipendi kuongea kuhusu wodi ile.

Yuko hai. Ana kazi, anaishi mtaa wa Komarock, na mashavu yamerudi. Saa ya lunchi hunipigia simu, kila mtu na chakula chake, tunakula pamoja tukisengenya watu. Lakini ziko siku katikati ya kicheko ananyamaza, nasikia pumzi yake tu, na najua kuna anayemsemesha. Hapo mimi huanza kuongea kwa sauti ya juu, upuuzi wowote unaonijia, wenzangu kazini wakinikodolea macho, ili anisikie mimi.