Sabuni ya Bibi na Pikapu ya Kilolo

Juzi nilipeleka gari langu gereji, hapa Soweto, Mbeya. Fundi, kijana mpole, akachomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani, akasoma, akaniambia gari linaumwa nini. Kisha akaenda kunawa mikono iliyojaa petroli kwa kipande cha sabuni ya mche. Harufu hizo mbili zikakutana puani mwangu, nami nikawa mtoto tena, Kilolo, uani kwetu, asubuhi ya baridi.

Kama hujawahi kukaa Kilolo mwezi wa sita, acha nikuambie: hata gari huona baridi. Pikapu ya baba ililala imefunikwa magunia kwenye boneti, na alfajiri mama alichemsha maji mara mbili, ya uji na ya rejeta. Baba alizungusha hendeli, injini ikakohoa tu, ndipo tukaitwa sisi wasichana kusukuma, viganja vikifa ganzi kwenye bati. Jumamosi alitandika mkeka, akafungua plagi na kuzisugua kwa msasa, nami nikazipanga kwenye karai la mama. Mama alinung'unika kwamba karai lake linanuka petroli, ila siku ya kupeleka pareto mjini yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupanda. Nilizipenda Jumamosi zile kuliko sikukuu.

Bibi peke yake, mama yake baba, ndiye ambaye hakuipenda pikapu hiyo. Pikapu ilinunuliwa kwa ng'ombe wake. Alikubali kwa mdomo, moyo ukakataa. Alisema ataipanda siku itakapotoa maziwa. Tulicheka, kumbe mwenzetu hatanii. Kanisani alikwenda kwa miguu, pikapu ikimfuata polepole na baba akimbembeleza dirishani.

Basi ikafika harusi ya shangazi, kitinda mimba wa bibi, na ilikuwa ifungwe Kihesa, mjini, mbali mno kwa miguu. Bibi akasema ataagana na mwanawe palepale uani, mengine atasimuliwa. Shangazi alilia siku nzima. Bibi hakubadili neno.

Asubuhi ya harusi baba alisikia harufu ya petroli. Jiwe la njiani lilikuwa limepasua tanki, petroli inadondoka tone kwa tone. Dawa yake kila mtu aliijua: ufa wa tanki huzibwa kwa sabuni. Lakini miaka ile ya mwisho ya sabini sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Nyumbani kilikuwepo kipande kimoja tu, nacho bibi alikuwa amekificha kashani miezi mingi ili shangazi aogee siku hiyo. Baba alilijua hilo. Alisimama akitazama viatu vyake, asithubutu kuomba.

Bibi akaingia ndani, akatoka na sabuni na kisu. Akaikata katikati.

"Hiki cha mwanangu," alisema, "na hiki cha ng'ombe wangu."

Akajifunga khanga kiunoni, akaingia uvunguni mwenyewe, akaikandamiza sabuni kwenye ufa kwa kidole gumba, kama alivyozoea kuziba kihenge cha mahindi kwa udongo. Matone yakakoma. Shangazi akaoga, akavaa. Tulipokwenda kupanda, tukamkuta bibi ameshakaa mbele, mkoba mapajani.

"Sabuni yangu imo humu," alimwambia baba. "Siwezi kuiacha iende peke yake."

Tuliimba mpaka Kihesa. Shangazi alilia tena, safari hii kwa furaha.

Tanki lilichomelewa wiki iliyofuata, lakini tangu hapo bibi hakupanda pikapu bila kuuliza: "Sabuni ipo?" Baba hupapasa kipande alichokiweka chini ya kiti, hujibu ipo, ndipo tuondoke. Likawa neno la nyumba nzima. Nilipokwenda shule ya bweni, nilipoolewa, hata nilipohamia huku Mbeya, daima kulikuwa na mtu mlangoni wa kuniuliza kama sabuni ipo.

Bibi alitangulia, baba akamfuata, pikapu ikauzwa vyuma chakavu. Silalamiki, nilikula utamu wao nikashiba. Ila juzi, nilipotoka gereji, nilisimama dukani nikanunua kipande cha sabuni, nikakiweka chini ya kiti. Tanki la gari langu ni la plastiki, halina haja nacho. Nikawasha gari, nikasubiri kidogo kabla ya kuondoka. Hakuna aliyeniuliza.