Dakika za Egbert Dresa

Egbert wa Igurwa alibatizwa Mkatoliki, akawa Mlutheri mwaka aliopata kazi. Kufikia 1954 alikuwa dresa aliyeosha vidonda miaka kumi na sita katika hospitali ndogo ya misheni, upande wa kuelekea Nyabiyonza, na hakuna aliyewahi kumuuliza anaosha kwa dakika ngapi. Ndipo Daktari akarudi kutoka likizo ya Ulaya na saa ya ukutani.

Akaitundika katika chumba cha wagonjwa mahututi, akafungua daftari. Safu ya kwanza: saa mgonjwa alipoingia. Ya pili: saa alipoguswa na mtu wa dawa. Akatangaza kwamba baada ya miezi mitatu, dresa mwenye dakika chache ndiye atakayekuwa msimamizi wa chumba, na atahamia ile nyumba ya bati nyuma ya kanisa. Adelgunda, mkewe Egbert, alikwisha kuipimia mapazia siku nyingi.

Mpinzani alikuwa mmoja tu: Melkiory, kijana wa Muleba, mwenye viatu vinavyolia na njia ya nywele iliyonyooka kuliko barabara ya Murongo. Walipokezana zamu. Mwezi wa kwanza ulipokwisha Daktari akasoma wastani wa kila mmoja: Melkiory, dakika tisa, Egbert, arobaini na moja.

Egbert akarudi nyumbani, akala ndizi bila kusikia ladha yake. Tangu siku hiyo alichukia baiskeli ya Melkiory, namna Melkiory anavyokohoa, na hata wagonjwa wa Melkiory, kwa kosa la kupona.

"Kwani huyo mtoto wa Muleba ana mikono minne?" Adelgunda aliuliza.

Egbert akaenda kuchungulia kazi ya mwenzake, akagundua siri: Melkiory hasalimu. Mgonjwa mahututi aliletwa kwa engozi, machela ya kusuka, mabegani mwa wanaume wa kijiji chake. Mtu mwenye malezi hampokei mzigo mwanamume aliyetembea maili kumi kabla ya kumsalimu, kumuuliza ya nyumbani, ya ng'ombe na ya migomba, na kumpa kahawa ya kutafuna. Egbert aliwafanyia hivyo wabebaji wote wanane, mmoja mmoja, mgonjwa akisikiliza. Melkiory alitupa "shikamooni" moja ya jumla, akaivuta engozi ndani.

Egbert angeweza kuzifupisha salamu, lakini kumwiga Melkiory kungekuwa kukubali kwamba ana akili. Akafikiri wiki nzima, akaja na jambo ambalo, tumpe haki yake, lilikuwa la kipaji. Daftari liliuliza saa ya kuingia. Kuhusu getini halikuuliza chochote.

Akamwita Rwegasira, kiongozi wa wabebaji wa Igurwa, akamweleza utaratibu mpya: siku za zamu yake, engozi isivuke geti mpaka aje kuipokea mwenyewe. Salamu na kahawa zitamalizikia hukohuko, chini ya mikaratusi. Rwegasira akaafiki, maana kahawa nayo iliongezwa. Wabebaji wa vijiji vingine wakafuata, na watu wakawa wanaugulia getini kwa mpangilio mzuri sana.

Mwezi wa pili Egbert alisomewa dakika mbili. Daktari akampa mkono mbele ya wote. Melkiory akainamia viatu vyake. Adelgunda akanunua kitambaa.

Zikiwa zimebaki siku tano, Melkiory alikuwa akirudi kutoka Igurwa kwa baiskeli, kona ikamshinda, mguu ukavunjika chini ya goti. Rwegasira na wenzake wakampakia kwenye engozi, wakakimbia naye mpaka getini, wakamtua.

Egbert alikuwa ndani akimshona mtu aliyejikata kwa panga. Melkiory akaomba aingizwe. Rwegasira akamjibu kwa upole kwamba leo ni zamu ya mzee Egbert, na mzee Egbert ana utaratibu wake. Melkiory akasema yeye ni dresa wa hapahapa. Wakamwambia wanamfahamu vizuri, ndiye yule asiyesalimu watu. Wakaketi.

Egbert alipotoka na kahawa yake kiganjani, akamkuta adui yake chini, jasho linamtiririka. Akafurahi, kisha akaona aibu, kwa mfuatano huohuo. Siku hiyo hakusalimu mtu. Akamwingiza mbio, akaunyoosha mguu, akaufunga vibao, kazi safi. Likabaki daftari.

"Andika dakika moja, mzee," Melkiory akasema, meno ameyauma. "Umeshinda. Nyumba ni yako."

Egbert akachovya kalamu, ikasimama hewani. Dakika moja. Hakuna mgonjwa aliyewahi kuhudumiwa upesi hivyo tangu saa itundikwe, na Daktari angelisoma jina la Melkiory mbele ya watu. Hata kwa kuvunjika, mtoto huyu angekuwa wa kwanza.

"Getini ulikaa kiasi gani?"

"Arobaini na saba. Nilikuwa naitazama saa yangu."

Egbert akaandika arobaini na saba.

Daktari alipoiona hesabu hiyo akauliza ilikuwaje, na Rwegasira, mtu mkweli asiye na papara, akamweleza utaratibu wote, akaisifu na kahawa. Nyumba ya bati akapewa Melkiory. Alihamishiwa huko kwa engozi, na Egbert akaamriwa kushika pembe moja.

Jioni Adelgunda akamuuliza, kitambaa kiko mapajani, kwa nini hakuandika moja tu, yakaisha.

"Moja?" Egbert akasema. "Nimpe yule moja?"